Mashine ya Mama Mkwe

Elieza Chiwanga ni mtu wa nafaka. Mwaka wa kumi na nne huu ana kibanda katika soko la Majengo, anauza mtama, uwele, mahindi na alizeti, na katika muda wote huo hajawahi kulipia gunia asilolijaribu kwa meno. Huzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje za katikati kabisa, akaziuma huku ametega sikio. Punje ikilia, imekauka. Isipolia, mwenye mzigo huambiwa kwa upole akauanike tena, na hata akiapa kwa jina la mama yake haisaidii. Kwa hiyo wenzake wa sokoni waliposikia kwamba Elieza ameingia duka kubwa la vyombo vya umeme, akalipa kwanza ndipo akajaribu, walidhani wanataniwa. Hawakutaniwa. Nitaeleza ilivyokuwa, na atakayecheka acheke, ila asikilize mpaka mwisho.

Kisa chenyewe kinaanzia kwa mama mkwe wake, Tereza. Mama huyu alipatwa na kiharusi kijijini Handali wakati wa palizi, jembe mkononi. Alipona, lakini mguu wa kulia ukabaki wa kuburuta, na mkono wa kulia ukawa haushiki hata kijiko. Binti yake Loisi, mke wa Elieza, alimfuata akamleta mjini, Ipagala, wanakoishi. Sasa ulikuwa mwezi wa nne tangu aje. Loisi ni karani katika wizara moja huko Mtumba. Anatoka nyumbani alfajiri na kurudi jua limeshazama, na mtoto wao Anna, wa miaka sita, anashinda shule. Mchana kutwa mama alibaki na kuku wawili na redio.

Hapa inabidi nieleze jambo la ukwe, maana asiyelijua ataona watu hawa ni wehu. Kwa Wagogo wa malezi ya Tereza, mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kupeana nafasi. Husalimiana kwa mbali, macho chini. Hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja, na nguo ya mmoja mwingine haigusi. Likiwapo neno, lilipitia kwa Loisi, au kwa Anna, ambaye aliipenda kazi hiyo na mara nyingine aliongezea ya kwake. Vijana wa mjini husema mambo hayo yamepitwa na wakati. Elieza hakubishana nao. Yeye alimpenda yule mama tangu siku alipokwenda kuposa akapokewa vizuri kuliko alivyostahili, na kumpisha njia ndiyo namna aliyofundishwa ya kuonyesha upendo huo.

Basi Jumanne moja, kama saa nne asubuhi, Elieza alikumbuka kwamba amesahau mizani yake ndogo nyumbani, akarudi kuichukua. Akapitia uani. Akamkuta mama mkwe ameketi kwenye kigoda mbele ya beseni, nguo iliyolowa ameiuma pindo moja kwa meno, pindo la pili analisokota kwa mkono wa kushoto ili aikamue. Maji yalikuwa yanamchuruzika kidevuni hadi kifuani. Macho yao yakakutana. Elieza akakohoa, akageuka, akatoka upesi bila kuichukua hiyo mizani.

Siku nzima hakufanya biashara ya maana. Mteja mmoja alimwuliza bei ya uwele mara tatu, mwisho akaenda kibanda cha jirani. Jioni ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Tereza alimwita binti yake akamwambia kwamba Jumamosi anarudi Handali. Loisi alipouliza kulikoni, akajibiwa kwamba amekaa vya kutosha. Loisi akamkumbusha kwamba Handali katika ile nyumba amebaki wifi yake mama tu, naye ni mzee asiyeona tena. Kwamba bomba la maji liko mbali. Kwamba dawa za presha haziwezi kukatishwa hata siku mbili. Mama akasema Mungu yupo. Alisema kwa sauti ya chini, na Loisi, anayemjua mama yake, alielewa kwamba shauri limekatwa.

Chumbani Loisi alilia. Alimwambia mumewe waziwazi kwamba mama akienda hataumaliza huo mwaka, na hata Elieza aliona hivyo hivyo. Akamweleza alichokiona uani. Wakakubaliana kwamba mama ameona haya: mkwe amemkuta na nguo zake za kuoga na kulalia, amelowa, katika hali ambayo mwanamke mzima hapendi kuonwa. Na kama chanzo ni kufua, alisema Elieza, basi kufua kuondolewe. Inunuliwe mashine. Mama akae kitini, apumzike, asiguse maji tena. Jawabu hilo lilimfurahisha sana, na kama wanaume wengi wakishapata jawabu, hakuhangaika kuuliza kama ndilo linalotakiwa.

Tatizo lilikuwa nani aende kuinunua. Loisi hakuweza, ilikuwa wiki ya bajeti, na ofisini kwao wiki hiyo hata mtu akifiwa huombwa afiwe Jumapili. Mama mwenyewe ilibidi awepo, maana ni mkono wake wa kushoto utakaobonyeza vitufe. Tereza alikataa, akabembelezwa, akakubali kwenda kutazama tu, na akasisitiza kwamba Jumamosi iko palepale. Ndivyo ilivyokuja kutokea kwamba asubuhi ya Alhamisi mkwe na mama mkwe wake walitoka nyumbani wawili peke yao, jambo ambalo halijapata kutokea. Walikwenda kwa bajaji mbili. Ya mbele ilimbeba Tereza na mfuko wake mkubwa wa nailoni, ya nyuma ilimbeba Elieza, na dereva wa nyuma aliuliza mara kadhaa kama kaka anamfuatilia yule bibi kwa nia njema.

Duka lilikuwa jipya, mlango wa kioo, sakafu inateleza, ubaridi wa kiyoyozi unakupiga usoni ukitoka kwenye vumbi la nje. Kwenye ukuta zilipangwa runinga kama thelathini, na zote zinaonyesha mama mmoja anakatakata vitunguu. Elieza alijisikia mgeni. Sokoni mtu akiingia anaitwa kutoka kila upande, anashikwa mkono, anapunguziwa, anaongezewa kidogo juu ya alicholipia. Hapa bei ilikuwa imebandikwa na hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Mlinzi alitaka mfuko wa Tereza uachwe mlangoni kama utaratibu ulivyo, lakini Tereza aliukumbatia kwa ule mkono mzima na kumtazama mlinzi usoni. Elieza, hatua kumi nyuma, alimwomba yule bwana amwache mgonjwa na mzigo wake, naye akaruhusu.

Mhudumu aliyewapokea alikuwa Brighton, mwembamba, amefunga tai, mwenyeji wa mbali huko kaskazini. Alimwamkia Tereza shikamoo kwa kuinama vizuri, kisha akawakaribisha mama na mwana. Hapo akaanza kupata taabu. Tereza alisimama upande wa majokofu, Elieza upande wa feni, na kila Brighton alipomwelekeza mmoja asogee waone pamoja, mwingine alirudi nyuma. Akadhani wamegombana njiani. Elieza akamwita pembeni akamweleza kwamba yule si mama yake, ni mkwewe, na kwamba kila kitu akiseme kwa wote wawili lakini kwa zamu. Brighton alitikisa kichwa. Kwao, alisema, mama mkwe akija mjini anakaa sebuleni na kushika rimoti mpaka siku ya kuondoka. Lakini alikuwa na adabu, akakubali kuwa katikati.

Akawapeleka kwenye mashine kubwa nyeupe yenye mlango wa duara. Aliisifia hasa. Bibi hafanyi kitu, alisema. Anatia nguo, anabonyeza hapa mara moja, anakwenda zake kulala. Inajaza maji yenyewe, inapasha moto, inafua, inasuuza, inakamua, na ikimaliza inapiga kengele. Hata mtoto anaiweza. Elieza alifurahi, akamtazama mama mkwe kwa kona ya jicho ili aone furaha ikimwingia naye. Hakuiona. Tereza alikuwa ameinamisha kichwa, na kila Brighton alipotaja kazi nyingine ambayo bibi hataifanya, mabega yake yalizidi kushuka. Elieza akasema moyoni kwamba labda ni mguu unamchosha.

Kisha Tereza akauliza swali lake la kwanza, akimwelekea Brighton: siku maji yakikatika, hiyo inajijaza na nini? Brighton akakiri kwamba inahitaji maji ya bomba yenye nguvu, tena mfululizo. Ipagala wiki nyingine maji hutoka siku mbili. Ile nyeupe ikawa imekwisha.

Iliyobaki ilikuwa imewekwa nyuma karibu na stoo, kwa aibu, kama mgeni asiyealikwa. Ilikuwa ya plastiki, yenye matanki mawili, moja la kufulia na jingine dogo la kukamulia. Unajaza maji kwa ndoo. Unatia sabuni mwenyewe, unazungusha swichi, ikimaliza unahamisha nguo kwa mkono kwenda upande wa kukamua. Brighton aliomba radhi kwamba hiyo ni ya kizamani kidogo na bado inamtaka mtu awepo. Tereza akasogea. Aliweka mfuko chini, akafungua mfuniko kwa kushoto, akaufunga, akaizungusha swichi mpaka ikalia trrr. Alichungulia lile tanki dogo kwa muda mrefu. Akauliza kama kweli hilo ndilo linalokamua, na alipoambiwa ndiyo, akauliza tena.

Brighton akaichomeka kwenye soketi ili wasikie. Mashine ikanguruma, ikazunguka kulia, ikazunguka kushoto, tupu. Akazima akatabasamu, akasema imeshajaribiwa na iko safi. Na hapo, kutoka pande mbili za duka, mkwe na mama mkwe wakasema kwa pamoja kwamba haijajaribiwa. Elieza alisema hiyo imefua upepo. Tereza alisema chombo ambacho hakijafanya kazi yake hakijajulikana. Wakashtuka kusikiana, kila mmoja akatazama pembeni.

Ikabidi aitwe meneja. Alikuwa dada aitwaye Joha, ushungi wa samawati, sauti ya utulivu. Alisikiliza yote, akaeleza kwamba mashine ikishatiwa maji haiuziki tena kama mpya, hivyo wao hujaribu kwa kuwasha tu. Mteja akitaka kuona maji, alipe kwanza. Na akishalipa na kuilowesha, hairudishwi ila ikiwa mbovu. Kutoipenda si ubovu. Akaongeza kwa utani kwamba baada ya risiti mashine ni ya mteja, hata akitaka kukorogea uji humo duka halitamwuliza.

Elieza alisimama pale na miaka yake kumi na minne ya kuuma punje. Kila alichojifunza Majengo kilimwambia asilipe. Lakini alimwona yule mama amesimama kando ya ile mashine, mkono wa kushoto juu ya mfuniko, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne hakuwa anatazama chini. Akaenda kwenye dirisha la malipo akalipa. Ukitaka kujua alijisikiaje, alijisikia mwepesi, na akashangaa.

Mfanya usafi wa duka akaleta ndoo mbili za maji na kuutega mpira wa kutolea maji kwenye mfereji wa stoo. Brighton akatafuta kitambaa cha kufutia vioo ili kitumike kwa majaribio. Tereza akamwambia hana haja, amekuja na chake. Akainama kwenye mfuko wake, akavuta zipu. Elieza kuona hivyo alijigeuza haraka haraka akawapa kisogo, akakazia macho yule mama wa vitunguu kwenye runinga thelathini, kwa sababu nguo za mama mkwe hazitazamwi. Alisikia zipu, akasikia nguo zikitolewa, akamsikia Tereza akimnong'oneza Brighton azitie upesi. Na Brighton, ambaye alikuwa na adabu zote isipokuwa ya kunyamaza, akaikunjua ya juu na kusema kwa sauti ya kawaida:

"Bibi, hili mbona shati la mwanaume?"

Elieza akageuka kabla hajafikiri. Lilikuwa shati lake. Lile la kijivu la sokoni, lenye vumbi la nafaka kwenye mishono na mafuta ya alizeti kwenye kola, ambalo yeye hulivua jioni na kulitupa kwenye kapu bila kuliwazia. Siku mbili baadaye hulikuta limekunjwa kwenye kapu la nguo safi. Alikuwa anajua ni Loisi anayelifua. Loisi naye, kama alivyokuja kusema baadaye, alikuwa anajua mumewe amejifulia, na alikuwa anamsifia kwa wenzake wa ofisini.

Tereza alikuwa ameshika ukingo wa mashine. Aliona ya kuficha hayapo tena. Akamgeukia Brighton, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa katikati, akazungumza naye polepole.

"Mwambie Baba Anna shati ni lake. Mwambie miezi hii yote mashati yake ya sokoni nayafua mimi. Ninakula kwake, dawa ananunua yeye. Nikae tu kwa mtu, nimekunja mkono, nitakuwa nani? Nilijua si desturi. Nikasema Mungu atanisamehe, alimradi mkwe asijue. Juzi akanikuta. Shati la mkwe liko mdomoni mwangu, naliuma. Sasa nitakaaje nyumba moja naye?"

Kisha akaeleza kwa nini amelibeba. Hilo la kijivu ndilo linalomshinda kuliko yote. Alitaka aone kama mashine italiweza, ili Jumamosi akiondoka awe na hakika kwamba mkwe wake hatakwenda mbele ya watu na shati chafu.

Duka lilikuwa na watu wengine, wanapima majokofu kwa mikono na kubishana kuhusu pasi, na hakuna aliyejua kinachotokea pale karibu na stoo. Elieza alijua. Ilimwingia yote kwa mara moja na ikamuuma. Alikuwa amenunua mashine ili mwanamke huyu asifanye kitu, na kumbe kufanya kitu ndiko kulikomwezesha kukaa nyumbani kwao. Kila sifa ya ile mashine nyeupe, bibi alale, bibi apumzike, ilikuwa inamfungia mlango. Na ile siku uani, yeye alipotoka mbio kwa heshima, mama aliona mkwe anayekimbia kinyaa. Elieza alitaka kumshika ule mkono uliolegea akauweka usoni kwake. Haikuwezekana, na pengine ndiyo maana alipata maneno.

"Mwambie mama sikuona shati," alimwambia Brighton. "Wallahi sikuliona. Nilimwona yeye tu, maji yanamtiririka, hana wa kumsaidia, nikaumia. Nilikimbia kwa sababu yangu mimi, si yake. Na mwambie ahsante. Kila asubuhi nimevaa mikono yake na sikujua."

Brighton alikuwa amesimama kati yao, na kwa umbali ule kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake vizuri. Hata hivyo alirudia yote, neno kwa neno, kwanza upande huu kisha upande ule, kwa sababu alishaelewa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Alipofika kwenye neno ahsante alijifanya anakohoa.

Wakaiwasha. Shati la kijivu liliingia na kanga mbili za Tereza, na maji yakabadilika rangi mpaka yakawa ya matope. Joha mwenyewe alikuja kutazama. Ilipomaliza, Tereza alizihamisha nguo kwa mkono wake wa kushoto, moja baada ya nyingine, bila kukubali kusaidiwa, akafunga lile tanki dogo. Likazunguka kwa kasi mpaka sakafu ikatetemeka, na maji yakatoka kwenye mpira kwa nguvu. Alipofungua, alilitoa shati likiwa jepesi, halidondoshi hata tone. Alilishika akalitazama, na uso wake ukalegea. Kwa miezi minne alikuwa anapigana na kazi hiyo kwa meno yake.

Lakini mwanamke aliyefua kwa maisha yake yote hadanganyiki na wepesi wa nguo. Aliliweka juu ya mfuniko, akaigeuza kola, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ule mstari wa mafuta ya alizeti ulikuwa bado upo, umefifia lakini upo.

"Kola bado," alisema.

Brighton alifadhaika. Alieleza kwamba mashine za aina hiyo kola huwa hazizimalizi, kwamba ile nyeupe yenye maji ya moto ingeuondoa huo mstari, kwamba meneja yupo hapa na pengine kwa heshima ya bibi wangeweza kuzungumza, waongeze kidogo wabadilishe. Joha, mwenye sheria yake ya kutobadilisha, hakumkatiza. Tereza wala hakuwasikiliza. Alishainamia mfuko, ametoa kipande cha sabuni ya mche kilichofungwa kwenye karatasi, amekichovya kwenye ndoo na anakisugua kwenye ile kola kwa mkono wa kushoto, kiwiko cha mkono mgonjwa kikilikandamiza shati lisitoroke. Alisugua kwa utaratibu, bila haraka. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo, kama mtu anayeimba ndani.

Elieza akatazama hayo. Akamwambia Brighton hapana, haibadilishwi. Hii hii ndiyo anayoitaka.

Ikabaki fomu. Duka lina gari lake la kupelekea mizigo, na kadi ya dhamana lazima iwe na jina la mwenye mali na mahali anapoishi. Brighton akachukua kalamu, akauliza aandike jina gani. Elieza akamwambia aandike la mama mkwe. Halafu akasema jambo alilokuwa hajalipanga, na lililokuwa gumu kulitoa, kwa sababu alijua linaweza kumgharimu alichokitaka kuliko chochote.

"Mashine ni yake. Siyo ya kumzuia. Kama Jumamosi anakwenda Handali, gari liipeleke Handali, umeme upo. Mimi nitailipia safari. Muulize yeye, iende anakoishi."

Brighton akamgeukia Tereza, kalamu juu ya karatasi. Hakuuliza kwa sauti ya duka tena. Alimwita bibi, akamwuliza taratibu anakoishi ni wapi, waje na mzigo wake.

Tereza alisuuza kola, akaikagua, akaisugua tena mahali padogo alipopaona yeye peke yake, akaisuuza. Elieza alimfikiria Loisi ofisini Mtumba, simu mezani, anasubiri. Alifikiria uani pasipo kigoda. Jambo moja alilokuwa na hakika nalo ni kwamba hatasema neno zaidi, hata kama jibu litakuwa Handali.

"Ipagala," alisema Tereza. Akalikung'uta shati, akalikunja na kuliweka begani kwake, juu ya kanga, mahali ambapo nguo ya mkwe haijapata kukaa. "Andika waje kesho. Wasiseme Jumamosi. Jumamosi ninafua."

Brighton akaandika. Kisha, kwa kuwa alishaizoea kazi yake, akageuka kumfikishia Elieza maneno hayo, akamkuta amempa kisogo, anaangalia feni, analia.